Hekalu la Jirani Nalo Yatupasa Kulitunza

Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hunukuliwa sana majukwaani, hasa ngoma zinapochezwa na wageni wa heshima wanapokaribishwa. Lakini ni mara chache tunapojiuliza ni asili ya nani inayosemwa, na mlezi wake ni nani iwapo mwenyewe amehama au amefariki dunia. Swali hilo ndilo tunalolileta leo mbele ya wasomaji wetu wa Shinyanga na Geita, mbele ya ndugu zetu wa visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, na mbele ya watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni katika mikoa hii ya Ziwa.

Msafiri atokaye Geita siku hizi hangojei tena pantoni pale Busisi, kwani tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi humvusha kwa dakika chache. Atokaye Shinyanga huja kwa barabara, au kwa reli ileile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Atokaye Ukerewe huteremka bandarini. Wote watatu wakishaingia mjini Mwanza hufika karibu na mawe ya Makoroboi, palipo na mtaa uitwao Temple, yaani mtaa wa Hekalu. Wengi hupita hapo wakiwa na haraka ya kununua vipuri, vitambaa na dawa za mifugo, nao hawainui macho. Safari hii sisi tulisimama, tukaomba ruhusa, tukavua viatu, tukaingia.

Desturi za nyumba hizo si ngumu kwa mtu aliyelelewa vyema. Viatu huachwa mlangoni. Mwumini hugonga kengele anapoingia, kisha husimama mbele ya sanamu iliyovikwa nguo safi na kupambwa maua, mikono yake miwili ikiwa imekutanishwa kifuani. Taa ya samli huzungushwa mbele ya sanamu, ubani hufukizwa, na nyimbo huimbwa kwa lugha ambayo waumini wengi wenyewe hawaisemi nyumbani. Mwishoni kila aliyehudhuria hupewa kipande cha tunda au kitamutamu kilichokwisha kutolewa sadaka. Nasi tulipewa. Hatukuulizwa kabila letu wala dini yetu. Tuliambiwa tu tupokee kwa mkono wa kulia, kama vile mama zetu walivyotufundisha.

Msomaji ataweza kuuliza: Je, hekalu hilo ni kongwe? Tukijibu kwa hesabu ya ukuta na bati, jibu ni kwamba mahekalu ya bara letu hili ni ya juzi. Hayakuweza kujengwa kabla ya wafanyabiashara kufika, nao walifika kwa wingi katika karne ya 20. Lakini ukongwe wa hekalu la Kihindu haupimwi kwa ukuta peke yake. Dini hiyo haina mwanzilishi mmoja, wala haina mwaka mmoja wa kuzaliwa. Nyimbo takatifu za Veda, ambazo baadhi yake zina umri wa zaidi ya miaka 3,000, zilihifadhiwa vifuani mwa watu kwa vizazi vingi kabla ya kuandikwa. Mtoto alizipokea kwa baba yake neno kwa neno, na sauti kwa sauti, naye akampa mwanawe. Basi ukuta wa Mwanza ni mchanga, ila maneno yasemwayo ndani yake ni makongwe kuliko msikiti wowote, kanisa lolote au ngome yoyote iliyopata kujengwa katika ardhi ya Tanzania.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima lifahamike, maana hoja yetu yote inalitegemea. Kwa imani ya Wahindu, sanamu ya hekaluni ikishafanyiwa ibada ya kutiwa uhai, haihesabiwi tena kuwa jiwe au shaba tu. Hutumikiwa kama mgeni mtukufu: huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvikwa, hutengewa chakula, na usiku hulazwa. Utumishi huo haufai kukatika. Waumini wanapokwisha, sanamu huhamishwa, au hutumbukizwa majini kwa heshima, na nyumba hubaki nyumba. Kwa hiyo kulitunza hekalu si kupaka chokaa tu. Ni kuwapa watu wake sababu na amani ya kuendelea kuwako.

Sasa tuseme habari za watu hao. Kwa mazoea yetu tumewaita wote Wahindi, tukadhani tumewajua. Wahindi ni watu wa asili ya India. Wahindu ni wafuasi wa dini hii tunayoizungumzia. Miongoni mwa wenye maduka katika miji yetu walikuwamo Waislamu wa madhehebu ya Ismailia na Bohora, Makalasinga wenye vilemba na hekalu la namna yao, na Wagoa ambao ni Wakristo wa Kanisa Katoliki. Wahindu wengi walitoka Gujarat na Kutch, wakiwamo Walohana wa biashara na Wapatel waliokuwa wakulima kwao. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mlango wa Ziwa ulifunguka, na jahazi na meli zikaleta maduka katika kila bandari ndogo. Ilipofika reli ya kutoka Tabora, maduka yakashuka kusini hadi Shinyanga na vituo vyote vya njiani.

Palipo na maduka palijengwa pia vinu vya kuchambua pamba. Hapa hatuna budi kusema kweli bila ya kuona haya, kwani mapenzi yasiyotaja makosa ni unafiki. Mkulima wa Usukuma na wa Ukerewe aliuza pamba yake kwa mizani asiyoiamini. Malalamiko yake hayakuwa ya kubuni. Ndiyo yaliyowafanya wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, waweke wapimaji wao wenyewe katika masoko, na mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baadaye lilimiliki vinu vyake. Historia hiyo ni fahari yetu, wala hatuwezi kuifuta ili kumfurahisha mtu.

Lakini historia hiyohiyo ina kurasa nyingine. Dk. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, aliingia katika kazi ile pamoja na mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyekuwa mshirika wake katika kampuni. Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898, ikachimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ule wa kwanza ulipofungwa mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Katika habari yote ya dhahabu, mtu tuliyempelekea pete na mkufu ni sonara; na neno lenyewe sonara limetoka India. Kadhalika gari, laki, hundi na bima. Hata embe tunalolila kisiwani na bara limekuja na jina lake kutoka huko. Mtu anayesema kwamba urithi huo haumhusu, analisema hilo kwa maneno aliyoazima kwa wenye urithi.

Iko methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tumeitumia miaka mingi, tukicheka. Tukiwa tumesimama pale mlangoni mwa hekalu, mbele ya safu ya viatu vya wazee, wanawake na watoto, tuliifikiri upya. Methali ile inakiri jambo ambalo msemaji hakukusudia kulikiri: kwamba huyu tunayemtukana tunamhitaji. Tulichukua kiatu tukamwacha mwenye kiatu. Tulichukua duka, neno, chapati na mkufu, lakini hatukupata kuuliza mtu yule aliomba nini asubuhi kabla hajafungua mlango wa duka lake.

Na sasa wenye viatu wamepungua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, familia nyingi zilifunga mizigo zikaenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Sheria ile ililenga nyumba za kodi, wala si nyumba za ibada. Hata hivyo, anapoondoka mwenye nyumba ya kodi, aliyekuwa akichanga fedha za samli na mafuta ya taa ya hekaluni ameondoka pia. Jirani yetu Uganda alikwenda mbali zaidi: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 tu za kuhama. Sisi hatukufanya ukatili huo, nasi tunayo haki ya kujivunia. Lakini hekalu linaweza kufa bila ya mtu kufukuzwa. Linakufa pale kijana wa mwisho anapopata kazi Dar es Salaam, na wazee wanaobaki wanapokuwa wachache wasioweza tena kupanda ngazi.

Kwa watumishi wa Serikali tuna neno mahususi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kipimo hicho kinafaa Kilwa na Bagamoyo. Hakifai Kanda ya Ziwa, ambako karibu kila jengo la matofali ni la baadaye. Hekalu, msikiti wa wafanyabiashara, kinu cha pamba na stesheni ya reli, vyote vimebaki nje ya mlango wa sheria. Hata hivyo sheria hiyohiyo imempa Waziri uwezo wa kutangaza jengo lolote lenye thamani ya kihistoria kuwa ni la kulindwa, hata kama halijafikia umri huo. Tena inalinda milango na miimo ya mbao iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo lawama haiwezi kutupiwa sheria. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua, na orodha ya kuambatanisha na barua hiyo.

Kuna jambo jingine la kiofisi ambalo ni la hatari zaidi kuliko mvua na mchwa. Mali za dini nchini humilikiwa na wadhamini waliosajiliwa. Wadhamini wakifa au wakihama bila ya wengine kuandikishwa, kiwanja cha katikati ya mji hubaki bila ya msemaji, na kila mtu ajua thamani ya kiwanja cha katikati ya mji. Hatumshutumu mtu yeyote. Tunasema tu kwamba mlango usio na bawabu huwavuta wapitao, na ni heri bawabu atafutwe mapema.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba shauri hili ni la mjini. Ziwa lenyewe limekwisha kulipokea. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ililetwa Jinja, nchini Uganda, ikatiwa majini pale Mto Nile unapolitoka Ziwa. Na mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu ya kumbukumbu mahali hapo. Maji yanayopiga fukwe za Nansio na Bwisya ndiyo yanayotokea kwenye mlango ule. Basi mvuvi wa Ukara na mwumini wa Gujarat, bila ya kujuana, wanayatazama maji yaleyale kwa heshima.

Zaidi ya hayo, kisiwani Ukara lipo lile jiwe mashuhuri ambalo wenyeji husema hucheza wazee wake wanapoliomba, na kisiwani Ukerewe ipo ikulu ya watemi huko Bukindo. Nani atavilinda hivyo kesho? Hoja itakayotumika kulipuuza hekalu, kwamba waumini wake ni wachache, ndiyo itakayotumika kulipuuza jiwe la Ukara siku wazee wanaolijua watakapokuwa wawili au mmoja. Mkono unaozoea kubomoa cha jirani hauchelewi kufika kwako. Kwa sababu hiyo mtu wa kisiwani anapolitetea hekalu la Mwanza anajenga ukuta wa kwake mwenyewe.

Huko Geita jambo hili lina sura ya jembe na baruti. Kilima chenye dhahabu ndani yake huenda kina kaburi la babu au mti wa matambiko juu yake. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu mwaka 1969, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za miradi zichunguzwe kabla ya kazi kuanza. Lakini mti wa matambiko hauna jiwe la kaburi, wala mwenyewe hana hati. Asiyeulizwa mapema huja kulia baadaye. Tangu mwaka 2017 sheria inawataka wenye leseni za madini waandae kila mwaka, kwa kukubaliana na halmashauri, mpango wa kuihudumia jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, nasi tunashukuru. Je, ni dhambi sehemu ndogo yake ikatumika kuorodhesha mahali patakatifu pa wilaya, pawe pa Wasukuma, pa Wasumbwa, pa Wazinza au pa Wahindu?

Mkoa wa Shinyanga hauhitaji kufundishwa na mtu namna ya kurudisha kilichokaribia kupotea. Kuanzia mwaka 1986 hadi mwaka 2004, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI, ulizirudisha ngitili katika nchi iliyokuwa imefanana na jangwa, hata zaidi ya hekta 300,000 zikaota miti tena. Siri yake haikuwa mashine. Siri yake ilikuwa kuwarudia wazee, kuwauliza desturi yao ilikuwaje, na kuipa desturi hiyo nguvu ya Serikali. Vilevile kule Bujora, Padre David Clement, ingawa alikuwa mgeni kutoka Kanada, aliona thamani ya ngoma na viti vya watemi wakati ambapo wasomi wetu wengi waliviona kuwa ni ushamba. Na leo makumbusho ya Wasukuma yapo. Ikiwa mgeni aliweza kuuthamini urithi wetu, sisi tunashindwa nini kuuthamini wa mgeni aliyekwisha kuwa mwenzetu?

Tunajua watakaotupinga. Mmoja atasema kwamba hiyo ni dini ya kigeni. Tunamjibu kwamba wamisionari walianzisha kituo cha Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na Uislamu ulifika kwetu kwa njia za misafara; hakuna hata dini moja kati ya hizo iliyoota chini ya mbuyu wa Usukuma. Mwingine atasema kwamba imani yake haimruhusu kuheshimu sanamu. Hatumtaki aisujudie. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 haimwamuru mtu kuiamini dini ya mwenzake. Inamhakikishia kila mtu uhuru wa kuabudu, na uhuru huo ni neno tupu ikiwa nyumba ya kuabudia inaweza kutoweka na hakuna aliyegutuka. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, atasema kwamba vijiji bado havina maji, basi kwa nini tuzungumze habari za mahekalu? Kwake tunasema kwamba hatuombi fedha ya kisima. Kalamu, daftari na siku chache za Afisa Utamaduni haziwezi kumnyima mtu ndoo ya maji.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. La kwanza, kila halmashauri ya mikoa hii iandike orodha ya nyumba za ibada na mahali patakatifu penye historia, bila ya kubagua dini, na orodha hiyo ipelekwe Wizara ya Maliasili na Utalii ili yale yanayostahili yatangazwe. La pili, jumuiya za Wahindu zisaidiwe kuhuisha wadhamini wao na hati zao, na wao wenyewe wabaki kuwa wenye nyumba. Hatutaki hekalu ligeuzwe jumba la maonyesho wakati taa yake ingali inawaka. La tatu, vibao vya marmar vya wafadhili, madaftari ya zamani na picha vinakiliwe na kutafsiriwa kutoka Kigujarati maadamu wapo wazee wanaoweza kuvisoma. Kazi hiyo haiwezi kungoja miaka 20. La nne, walimu wawapeleke wanafunzi, kwa ruhusa ya wenyewe, waone kwa macho yao jinsi jirani anavyosali. Mtoto aliyeingia nyumba ya ibada ya mwenzake akatoka salama, hatadanganywa kirahisi atakapokuwa mtu mzima na kuambiwa kwamba mwenzake ni adui.

Zanzibar wenzetu wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mji Mkongwe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 una misikiti, makanisa na mahekalu ya Kihindu ndani ya vichochoro vilevile, na dunia inausifu kwa sababu ya mchanganyiko huo. Sisi wa Ziwa hatuna mji wa mawe wa kale. Tuna miji ya reli, ya pamba, ya almasi na ya dhahabu. Umri wake ni mdogo, lakini ndio umri tulio nao, na usipotunzwa ukiwa mdogo hautapata kuwa mkubwa.

Tulipotoka hekaluni tulivikuta viatu vyetu pale tulipoviacha. Nje mwanamke mmoja aliyebeba samaki wakavu kutoka visiwani alikuwa amepumzika kivulini mwa ukuta, beseni lake likiwa chini. Hakujua ni nyumba ya nani, ila kivuli alikipata. Yafaa viongozi wetu wahakikishe kwamba ukuta huo utakuwapo, na taa ndani yake, hata wajukuu wa mwanamke huyo watakapopita njia ile.